Mbaruti mkavu bado unachoma!

Jumamosi nilijitolea kupanga mimea iliyokaushwa kwenye hifadhi moja ya sampuli za mimea hapa Utah, Marekani. Nikapewa mibaruti ya milima ya Wasatch, Cirsium eatonii, iliyoitwa kwa jina la Daniel Eaton aliyekusanya mimea huku mwaka 1869. Watu huichanganya na magugu yaliyoletwa kutoka Ulaya, kumbe hii ni ya hapahapa, ya miteremko ya mawe juu ya makorongo.

Karatasi moja iliyobandikwa mmea ina kibandiko cha mwandiko wa kalamu uliofifia: jina la korongo, kimo, halafu “maua meupe”. Natazama ua lenyewe, limekuwa kahawia kama chai ya rangi. Bila yale maneno mawili nani angejua?

Nikiwa bado nashangaa, mwiba ukanichoma kidole. Mmea uliochumwa kabla mama yangu hajazaliwa, jamani!