Namfundisha mwanangu nyumbani, na sina kitabu kimoja ninachokifuata

Kitinda mimba wangu ana miaka saba na hana sare ya shule. Asubuhi watoto wa mtaa wetu wa Walukuba wanapopita mbele ya mlango wetu na mabegi mgongoni, yeye huwa bado anapuliza chai. Hapa Jinja, Uganda, hilo peke yake linatosha majirani waanze kuulizana: mtoto anaumwa, au ada imewashinda?

Ada haikutushinda. Kilichonichosha ni gari la nasari. Lilimchukua kabla hakujapambazuka, likamrudisha jioni na kurasa za mazoezi ya nyumbani, naye anasinzia sahani ya posho, yaani ugali, iko mbele yake. Mtoto wa baby class! Nikakumbuka wakati wa korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka Januari 2022. Dada yake alikuwa P3, darasa la tatu la msingi, nikawa namfundisha kwa masomo yaliyochapwa magazetini na yale ya redioni, huku mguu uko kwenye cherehani. Aliporudi darasani hakuachwa nyuma. Kwa hiyo niliposema huyu mdogo namtoa, mume wangu hakubisha, aliuliza swali moja tu, kuhusu mtihani wa kumaliza shule ya msingi: "Na PLE je?" Nitalifikia.

Mimi si mwalimu, ni fundi wa nguo. Nilisoma kila nilichokipata kuhusu jambo hili nikaona wenyewe wamegawanyika kama madhehebu. Kuna wa Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Kuna wa Charlotte Mason wa Uingereza, aliyetaka masomo yawe mafupi na mtoto asimulie kwa maneno yake mwenyewe alichosomewa. Halafu kuna muhtasari wetu wa serikali, wa kituo cha mitaala cha NCDC, ambao P1 hadi P3 unakwenda kwa mada: nyumbani kwetu, mwili na afya, hali ya hewa, usafiri. Sikuona kwa nini nile kiapo kwa mmoja wao. Kwa Montessori nilichukua herufi za msasa, mtoto azipitishe kidole kabla hajashika penseli. Seremala wa jirani hunipa vipande vya msasa vilivyobaki, nakata, nabandika kwenye boksi. Vifaa vyake vya mbao sikuhangaika navyo, maana vifungo, zipu na bizimu vimejaa kibandani kwangu, na mtoto anayeweza kufunga vifungo vya shati zima ameshalainisha vidole vya kuandikia. Kwa Mason nilichukua masomo mafupi na kusimulia. Muhtasari nauangalia mwisho wa mwezi, nijue tumeruka nini.

Kisicho na hiari ni kusoma. Mengine yote yanasogea: mteja akija na nguo ya harusi, hesabu zitangoja jioni, mvua ikinyesha, hatutoki. Lakini baada ya chai tunakaa mkekani tunasoma, hata kama ni ukurasa mmoja. Nimeona watu wakisema mtoto aachwe, atasoma siku akitaka. Labda kwenye nyumba iliyojaa vitabu. Kwangu mimi asingevitaka, kwa sababu asingeviona.

Ugomvi mkubwa ulikuwa lugha. Sera inasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali, ambayo hapa ni Lusoga, ila shule nyingi za mjini zinaingia Kiingereza moja kwa moja. Sisi nyumbani tunaongea Kiswahili, kama familia nyingi za Walukuba ambazo wazee wao walikuja kufanya kazi viwandani kutoka kila upande. Nikaanza na ba, be, bi, bo, bu. Jaja yake, mama mkwe wangu, alishika kichwa: "Mwali wangu, unamfundisha lugha ya wanajeshi?" Kwa wazee wengi wa huku Kiswahili bado kina harufu ya kambi na vizuizi vya barabarani. Hata Baraza la Mawaziri lilipopitisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, jaja hakutikisika. Kilichomtikisa ni mjukuu kumsomea maandishi ya gunia la unga, neno kwa neno, kabla wenzake wa nasari hawajaunganisha silabi mbili. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, na mtoto akishapata ule ujasiri, Kiingereza na visa vyake anakivumilia. Lusoga anamfundisha jaja mwenyewe, kwa hadithi, na mimi siingilii.

Hesabu hazikuhitaji kitabu. Sarafu zetu zina wanyama: mia moja ina ng'ombe, mia mbili ina samaki, mia tano ina korongo mwenye taji. Kabla hajajua tarakimu vizuri alikuwa anajua kwamba ng'ombe wawili ni samaki mmoja, na samaki wawili na ng'ombe mmoja ni korongo. Siku moja mteja alikuja kuchukua suruali niliyoikunja pindo, kazi ya 1,800, akanipa noti ya 2,000. Nikiwa bado natunga uzi, kijana akasema kutoka chini ya meza: "Mama, tunadaiwa samaki." Mteja alicheka mpaka akakataa chenji. Kuzidisha na kugawanya nakupeleka polepole kwa mweso, mchezo wa kete unaofanana na bao: ubao una mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji anaanza na nusu yake. Wazee wa chini ya mwembe wanamruhusu apange kete, na anayekosea kuhesabu wanamzomea, mkubwa au mdogo.

Mambo ya maarifa ya jamii yanatokea tu. Tulikuwa ukingoni mwa Nile akauliza maji yanakwenda wapi, tukarudi kwenye ramani, kidole kikapanda Sudan Kusini, Sudan, mpaka Misri. Simu situmii sana. Bando linaisha, na yeye akishaanza katuni, somo limekwisha.

Wanaouliza kuhusu marafiki, alasiri yuko madrasa na watoto kibao, na jioni yuko uwanjani hadi nimwite mara tatu. Shida ya madrasa ilikuwa nyingine. Baada ya kuanza alifu na bee, alikuwa akifungua daftari la Kiswahili anaanzia kulia. Nilichora mshale mwekundu kushoto kwa kila ukurasa, akazoea.

Sasa PLE. Mtahiniwa anasajiliwa UNEB, baraza la mitihani la taifa, kupitia shule au kituo chenye namba, kwa hiyo kumweka nyumbani hadi P7 halafu kubahatisha sitaki. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule moja hapa karibu, nikabeba madaftari yake. Aliyapekua, akamwomba mtoto asome aya ya Kiingereza, kisha akasema atampokea P4 kwa mtihani wa kuingilia, ripoti za nyuma hazitamsumbua. Alinionya kitu kimoja: huko mitihani ni kila muhula na muda unapimwa, kijana wangu hajawahi kufanya kazi akiangalia saa. Tumeanza hilo kwa majaribio mafupi ya Ijumaa asubuhi. Hayapendi hata kidogo.