M na W kwenye kigae kimoja

Kutwa nzima leo nimeshughulika na herufi mbili tu. Nachora fonti ya pikseli kwa ajili ya gemu la mitumbwi ya dagaa, zile herufi za mirabamiraba za gemu za zamani, na kila nikiandika "mwaloni" neno linasongamana pale mwanzoni.

Chanzo nakijua. Mashine kama Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, zilijenga skrini kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8, na kwa kawaida kila herufi ilikaa kwenye kigae chake. Toa safu moja ya kutenganisha herufi, zinabaki 7. Kwa a au n zinatosha kabisa. Sasa ichukue m: miguu mitatu, kila mmoja unene wa pikseli 2 kama nipendavyo, ni 6, nafasi kati ya miguu ni 2, jumla 8. Haiingii. Ukiikondesha kisha ukaiweka w pembeni yake, unaona uzio wa matete.

Na Kiswahili ndivyo kilivyo: mwezi, mwalimu, amemwona, wamwambie. Huku Usukumani tuna na akina Ng'wandu, ambao ritifaa yao, ile alama ya ', ikipewa kigae kizima, jina linakatika vipande viwili.

Nimeshauriwa nitumie herufi kubwa tupu. Sikubali. Neno refu kama "watakapomwona" linasomeka haraka kwa sababu t na k zinapanda, p inashuka. Ukiyafuta hayo, msomaji anaanza kuhesabu herufi mojamoja.

Basi nimeachana na kigae. Fonti ya Chicago, aliyoichora Susan Kare kwa ajili ya kompyuta ya Macintosh ya 1984, nayo ilikuwa ya pikseli, ila kila herufi ilipewa upana wake. Nami m na w nimezipa pikseli 10, i na ritifaa 2. "Mwaloni" sasa inapumua, na nimefurahi sana!

Tarakimu pekee nimeziacha na upana mmoja, ili idadi ya dagaa inapopanda kwenye kona ya skrini namba zisichezecheze. Rafiki yangu wa mabango pale Kirumba, Mwanza, ameshaiomba fonti hii. Nitampa, kwa sharti aikuze mara mbili, mara tatu, mara kumi akitaka, lakini asiikuze mara moja na nusu, maana hapo kingo zinafifia na miguu ya m inapishana unene.

Kesho naanza ng'.