Sifuri na mstari

Masika imeingia Moshi na maswali ni yale yale: imenyesha kiasi gani, na kesho je? La kwanza linaonekana jepesi. Silo.

Kipima mvua kilichozoeleka kina mdomo wa kipenyo cha milimita 127, eneo lisilofika hata sentimita za mraba 130. Hekta moja ya shamba ni karibu mara 790,000 ya hapo. Ukiandika "milimita 22" umepima sehemu ya kiganja tu, kwingine umekisia. Na huku mlimani kukisia kunaponza: mjini vumbi, Kibosho kule juu mvua inamwagika.

Hata hicho kiganja hakipimiki sawasawa. Upepo ukipiga ukingo wa chombo hupeperusha matone madogo, kwa hiyo kipimo hupungua zaidi kuliko kinavyozidi. Chombo pia hukaa mbali na mti au nyumba, walau mara mbili ya urefu wa mti au nyumba hiyo. Jani likiziba faneli, maji hudondoka polepole na mvua ya jana ikasomeka kesho. Soma saa 3 asubuhi, jicho likiwa usawa wa maji, chini kabisa ya mbonyeo wa uso wa maji, uandike kwenye tarehe ya jana.

Siku uliyoruka usiweke sifuri, weka mstari. Sifuri ni kwamba hakukunyesha. Mstari ni kwamba hatujui, na hakuna atakayekuja kujua, maana maji yale yameshachanganyika na ya siku iliyofuata. Madaftari yenye sifuri za uvivu yananikera kuliko yasiyo na kitu.

Kesho ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1961, Marekani, mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alirudia hesabu ya hali ya hewa kwenye kompyuta, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127. Baada ya muda majibu mawili yakaachana kabisa. Vipimo vyetu vina makosa makubwa kuliko hayo kwa mbali. Utabiri wa siku kwa siku hufika ukingoni kwenye wiki mbili hivi. Ukiongeza vituo, unapunguza makosa lakini ukingo unabaki.

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikisema msimu utakuwa "wa wastani hadi juu ya wastani", haijakutajia Jumanne. Anayekutajia Jumanne ya mwezi ujao anakuuzia hewa. Mwenye mbegu ya mahindi mkononi achimbe baada ya mvua: unyevu ukiwa umeshuka sentimita 15, apande, ukiishia juu juu, asubiri.