Nafasi moja ndani ya /etc/exports

Studio ilikuwa Kariakoo, ya kuhariri video za harusi, na tatizo walilonieleza lilikuwa hili: kompyuta zote za wahariri zinaiona diski ya seva, faili zinafunguka, ila hakuna anayeweza kuhifadhi. Kila ukijaribu unaambiwa diski ni ya kusoma tu. Fundi aliyetangulia alishaishuku diski na kuwanunulisha mpya. Lakini laptopu ya mapokezi, iliyounganishwa kwenye Wi-Fi ya wageni, ilikuwa inaandika bila shida. Diski mbovu haichagui mgeni na mwenyeji.

Seva ilikuwa Debian, aina ya Linux, diski inagawiwa kwa NFS, mfumo wa kushirikisha folda kupitia mtandao. Nilianza na `sudo exportfs -v`, kwa sababu amri hiyo huonyesha seva ilivyoelewa, hata kama wewe ulikusudia jingine. Folda moja ikatoka mara mbili: `192.168.1.0/24`, yaani mtandao wa ofisi, ikiwa na `ro` (kusoma tu), na `<world>`, yaani yeyote, ikiwa na `rw` (kusoma na kuandika). Nikafungua faili lenyewe la mipangilio, `/etc/exports`:

`/srv/kazi 192.168.1.0/24 (rw,sync)`

Tazama baada ya 24. Pana nafasi tupu (space) kabla ya mabano. NFS hutenganisha wateja, yaani kompyuta zinazoruhusiwa, kwa nafasi, kwa hiyo mtandao wa ofisi ulibaki na mipangilio ya msingi, yaani kusoma tu, na mabano yaliyobaki peke yake yakahesabiwa kuwa mteja yeyote yule, tena mwenye ruhusa ya kuandika. Wi-Fi ya wageni ilitumia 192.168.2, ikaangukia humo. Nafasi ikaondolewa, ikapigwa `sudo exportfs -ra` ili seva isome faili upya, folda ikaunganishwa upya kwenye kila kompyuta, kazi zikahifadhika.

Isipokuwa kwa mhariri mmoja, aliyeendelea kukataliwa. `ls -ln` ilionyesha folda yake kwenye seva ni ya mtumiaji namba 1000, na `id` kwenye kompyuta yake ikatoa 1001. Kwa ulinzi wa kawaida wa NFS, seva hupima ruhusa kwa namba ya mtumiaji; jina kufanana hakusaidii kitu. Kwake 1000 ilikuwa imeshikwa na akaunti ya zamani isiyotumika, basi ikafutwa kwanza. Yeye akatoka kabisa kwenye akaunti yake, ndipo ikapigwa `usermod -u 1000`, ya kubadilisha namba yake, kupitia root, akaunti ya msimamizi. Amri hiyo hurekebisha faili za folda yake ya nyumbani peke yake. Video alizoweka kwenye diski ya pili zilibaki na 1001, zikahitaji `chown`, amri ya kubadilisha mwenye faili, kwa mkono.