Siku ya 31, na tangi bado halina samaki

Leo ni siku ya 31 tangu nilipolijaza maji tangi jipya, na bado halina samaki hata mmoja. Chujio linafanya kazi usiku na mchana, kipasha joto kimeshikilia nyuzi 26, mimea imeanza kutoa majani mapya, na kila mgeni anayeingia sebuleni huinama mbele ya kioo, huchungulia nyuma ya mawe, kisha huniuliza samaki wamejificha wapi. Nikimjibu kwamba hawapo, na kwamba nimekusudia wasiwepo, hunitazama kama mtu aliyeonyeshwa zizi tupu akaambiwa awasifu ng'ombe. Simlaumu. Miaka michache iliyopita hata mimi ningetazama hivyo hivyo.

Nimeamua kuandika usiku huu kwa sababu ya jambo nililoliona mchana. Nilikwenda kununua sponji ya chujio katika duka la samaki wa mapambo, na mbele yangu alikuwapo baba mmoja na binti yake wa miaka saba au minane. Juu ya kaunta palikuwa na bakuli la kioo, changarawe za rangi ya waridi, kopo la chakula, na mfuko wa plastiki wenye samaki wa dhahabu wawili, kila mmoja na urefu wa kidole changu cha mwisho. Baba aliuliza maswali mawili: wanakula nini, na maji yabadilishwe baada ya siku ngapi. Muuzaji alimjibu kwa adabu, akaongeza, bila kuulizwa, kwamba samaki wa dhahabu ni wavumilivu na kwamba hukua kulingana na chombo anamowekwa. Binti alikuwa ameukumbatia mfuko kifuani na alikwisha kuwapa majina. Nilifumbua kinywa, nikakifumba tena.

Nilikifumba kwa kuwa nilijiona mimi mwenyewe. Nami niliwahi kutoka dukani siku moja nikiwa nimebeba tangi mkono mmoja na samaki mkono wa pili. Lilikuwa tangi la lita 40, na ndani ya mifuko walikuwamo neoni tetra sita, beta mmoja dume mwenye mapezi ya samawati, na pleko mdogo niliyeuziwa kwa sifa ya kuwa mfagizi wa tangi. Nilitia dawa ya kuondoa klorini kwenye maji ya bomba, maana hilo muuzaji alilikumbuka, nikawaachia samaki, nikakaa mbele ya kioo hadi usiku wa manane. Siku ya nne maji yaliingia ukungu mweupe. Siku ya saba neoni wawili walikuwa wakihema juu kabisa, midomo nje ya maji. Kufikia siku ya 12 nilibaki na beta na pleko. Katika siku hizo nilirudi dukani mara tatu, na kila mara nilitoka na chupa: ya kwanza ya ukungu wa ngozi, ya pili ya vimelea, ya tatu ya kung'arisha maji. Hakuna aliyeniuliza tangi lina siku ngapi. Swali hilo moja lingetosha kuwaambia kwamba samaki wangu hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wakiungua ndani ya taka zao wenyewe.

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua yake, na chakula kinachooza chini ya mawe huongeza nyingine. Mtoni au ziwani taka hiyo huchukuliwa na maji mengi. Tangini haina pa kwenda. Kinachoiondoa ni bakteria, nao hawako tayari siku tangi linapojazwa. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia kwa kiasi na ambayo mimea na ubadilishaji wa maji huipunguza. Bakteria hao huishi wakiwa wameng'ang'ania kwenye sponji, changarawe na kuta za tangi, nao huongezeka polepole, hivi kwamba mtu hana budi kuhesabu wiki nne hadi sita, pengine zaidi, kabla hawajatosha. Kabla ya hapo amonia huunguza matamvua, tena sumu yake huwa kali zaidi kadiri maji yanavyokuwa na alikali na joto zaidi. Nitriti nayo huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, damu ikageuka kahawia, na samaki akakosa pumzi katikati ya maji yenye hewa ya kutosha. Ndiyo maana neoni wangu walihema juu. Mimi nilidhani wana njaa, nikawaongezea chakula.

Hapo ndipo penye kiini cha kosa la biashara hii, nami nalitaja kosa bila kumwita mtu mwovu. Tangi na samaki huuzwa siku moja, kwa pamoja, kama kalamu na wino wake. Samaki akifa, mnunuzi hurudi kununua dawa, kisha hurudi kununua samaki mwingine, na kila kifo huleta mauzo mawili. Muuzaji hana haja ya kudanganya ili hali hiyo iendelee. Inatosha anyamaze, na mara nyingi hunyamaza kwa kuwa naye hajui, kwani wiki iliyopita huenda alikuwa akiuza viatu. Hata leo, nilipokuwa nikilipia sponji, niliambiwa kwa moyo mkunjufu kwamba nibadilishe nyingine mpya kila mwezi. Ningeufuata ushauri huo, kila mwezi ningekuwa natupa jalalani bakteria wale wale niliowangojea wiki kadhaa. Sponji huoshwa taratibu ndani ya maji yaliyotolewa tangini, si chini ya bomba lenye klorini, nayo hutumika mpaka inyofoke. Wako pia wanaoamini kwamba kulaza maji ndooni usiku kucha kunatosha. Klorini ya kawaida huondoka kweli, lakini pale mamlaka ya maji inapotumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ndoo inaweza kukaa siku kadhaa na sumu ikabaki mle mle.

Beta wangu aliyenusurika anastahili aya yake. Ana kiungo maalumu kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, na hicho ndicho kinachomponza, kwa sababu hafi haraka ndani ya kikombe, na watu wameamua kwamba kikombe kinamtosha. Mizizi yake iko kwenye maji ya joto ya Thailandi na nchi jirani, na hapendi kushuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ndani ya kikombe kisicho na kipasha joto hukaa kimya, mapezi yamefungwa, naye hupewa sifa ya kuwa mpole. Ni baridi.

Uongo wa pili ni ule wa ukubwa, nao ndio ulionikera zaidi leo pale kaunta. Samaki hakui kulingana na chombo. Hudumaa kulingana na maji mabaya, na kudumaa ni ugonjwa wa polepole ambao mwenye macho mazuri huuona kwenye uti wa mgongo uliopinda. Samaki wa dhahabu wa kawaida hufikia sentimita 20 na kupita, huishi miaka kumi, hata ishirini. Nchini Uingereza alikuwako mmoja aliyeitwa Tish, aliyepatikana kama zawadi ya mchezo kwenye maonyesho mwaka 1956, akafa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Nafikiri juu ya walioandaa mchezo ule, waliogawa maisha ya miaka 43 kwa mtu aliyebahatika kushinda mchezo, na najiuliza ni wangapi waliogawiwa siku ile ile ambao hawakumaliza wiki. Baadaye, kwa sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, Uingereza na Wales zilipiga marufuku kumuuzia mnyama, samaki akiwemo, mtoto wa chini ya miaka 16. Ni jambo jema, ingawa baba niliyemwona leo alikuwa na umri wa kutosha kisheria na alijua machache kama binti yake.

Pleko wangu alinifundisha somo hilo kwa rula. Alikuwa na sentimita tano nilipomnunua. Mwaka wa tatu alipita 30, na akigeuka hung'oa mimea yote. Wala hakuwa mfagizi: pleko hula mwani akiwa mdogo, ila hutoa kinyesi kingi kuliko uchafu anaoondoa. Nilimrudisha nilikomnunua wakanikatalia, wakasema wakubwa hawauziki. Ilinichukua miezi minane ya kuuliza huku na huku kumpata mtu mwenye tangi la lita 1,000 aliyekubali kumpokea, na katika miezi hiyo kuna usiku nilielewa vizuri kabisa ni nini humfanya mtu abebe ndoo hadi mtoni. Huko Florida na Meksiko pleko walioachiwa hivyo wamezaana na kuchimba mashimo kwenye kingo za mito mpaka udongo unaporomoka. Samaki wa baharini aina ya Pterois, mwenye mistari na miiba ya sumu, asili yake ni bahari za Hindi na Pasifiki, lakini alionekana pwani ya Florida mwaka 1985, na wataalamu wengi wanaamini kwamba alitoka kwenye matangi ya watu. Leo ameenea hadi Karibi akila watoto wa samaki wenyeji. Anayemwachia samaki mtoni hujiona ana huruma. Nami nilikaribia kuwa na huruma ya namna hiyo.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kulinyamazia, lakini shajara ikiwa ya kuficha haina maana. Wakati pleko alipokuwa bado mdogo, nilimtamani botia mwenye mistari mieusi kwenye mwili wa rangi ya chungwa, nikaenda kumnunua. Muuzaji, mwanamke wa makamo, aliniuliza tangi langu lina lita ngapi. Nilipomtajia, aliweka wavu chini. Aliniambia kwamba samaki huyo hufikia sentimita 30, huishi zaidi ya miaka 20 na hana raha asipokuwa na wenzake, kwa hiyo hataniuzia. Alikuwa mtu wa kwanza katika biashara hii kunieleza ukweli, na malipo niliyompa ni kutoka pale nimekasirika, nikaenda kumnunua botia duka jingine ambako hawakuniuliza kitu. Botia yule alikaa peke yake nyuma ya chujio kwa miezi mitano, kisha akafa. Ninapowasema wauzaji wasiouliza, namkumbuka yule aliyeuliza na mnunuzi aliyemkomoa kwa kuuliza, na sentensi zangu hupungua makali kidogo. Duka lililojaa maswali hupoteza wateja kama mimi nilivyokuwa, na wateja hao huhamia kwa wanaonyamaza.

Nirudi kwa baba yule. Niliwakuta nje, akijaribu kulipanga bakuli ndani ya gari lisivunjike. Nilimsalimu, nikamwomba radhi kwa kuingilia, nikamwambia kwa kifupi kwamba samaki wale watakuwa wakubwa kuliko bakuli lenyewe, na kwamba kama amekwisha kuwanunua, basi awatafutie chombo kikubwa chenye chujio mapema, awape chakula kidogo mno, na kwa mwezi wa kwanza abadilishe sehemu ya maji karibu kila siku kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lile lile. Aliniuliza kama nafanya kazi pale. Nikasema hapana. Alinishukuru kwa upole wa mtu anayetaka kuondoka. Binti alinisikiliza kwa makini, kisha akauhamishia mfuko upande wa pili wa kifua chake, mbali na mimi, kana kwamba nimekuja kuwachukua.

Nimelifikiria tendo lake njia nzima. Nilimpa baba yake maelezo ya dakika mbili pembeni mwa barabara, wakati ambapo alihitaji wiki sita, tena kabla ya kulipa. Maelezo yaliyochelewa kiasi hicho hufanana sana na lawama, na huenda alichokisikia ni lawama tu. Pengine ningesema pale kaunta, kabla mfuko haujaingia mikononi mwa mtoto. Lakini pale kaunta ningekuwa namwaibisha muuzaji mbele ya wateja wake, na sidhani kama ningesikilizwa vizuri zaidi. Sijapata jibu.

Jioni nimepima maji. Jana, ili kuwalisha bakteria maadamu hakuna samaki wa kuwalisha, nilitia amonia safi, isiyo na sabuni wala manukato, mpaka kipimo kikasoma miligramu 2 kwa lita. Leo, saa 24 baadaye, amonia imesoma sifuri, maana yake kundi la kwanza la bakteria limekwisha kufika. Kipimo cha nitriti bado ni zambarau iliyokolea, yaani nitriti ingali nyingi. Tangi hili nimelikusudia neoni tetra 12, kwa kuwa ni samaki wa kundi na wale sita wa mwanzo wananidai deni, lakini hawaji wiki hii, na kwa rangi ile, hata wiki ijayo nina shaka. Nimeandika tarakimu kwenye daftari, nimeongeza matone ya amonia, nimezima taa. Chujio linanguruma gizani, likiwalisha viumbe nisiowaona.