Mbuzi wa Ami

Juzi binti yangu kaniletea mrashi wa bibi yake, umepiga weusi. "Mama, kwani fedha nayo huoza?" Nikamweleza habari za salfa iliyomo hewani, huku fikra zimeshafika Cairo, kwenye jumba la makumbusho la Tahrir, mwaka ule Ami, sonara wetu, alipokuja kutibiwa macho.

Alipofunguliwa bendeji alitaka jambo moja tu, aone kazi za mafundi wa kale. Ya teksi na foleni nayaacha. Mbele ya barakoa ya dhahabu ya Tutankhamun alisimama kwa adabu, kama anayemwamkia mkwewe, akapita. Mguu ulikwama kwenye kabati la vyombo vya Tell Basta, magofu ya mji wa kale wa Misri.

Ni jagi la fedha, halifiki shubiri. Mshikio wake ni mbuzi wa dhahabu aliyesimama kwa miguu ya nyuma, pua ukingoni, anataka kujua ndani mna nini. Tumboni safu kwa safu za matone yaliyotuna. Shingoni nakshi za wanyama na mawindo.

Ami akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Vidole vikaanza kugonga hewani.

"Haya yamesukumwa kutoka ndani, mwanangu. Kisha unajaza lami, unarudi nje na tindo, unalizunguka kila tone. Fedha ukiigonga sana hukakamaa. Usipoitia moto ikalainika, inapasuka, na kazi yote imekwenda." Akanyamaza kidogo. "Tazama, ukimimina, vidole vinamshika mbuzi kiunoni. Huyu aliufikiria mkono wa mtu."

Nikamsomea nilichokijua: vyombo vilifukuliwa mwaka 1906 wakati wa ujenzi wa reli karibu na Zagazig, na vingine viliishia Berlin na New York. Dhahabu Wamisri walikuwa nayo jangwani kwao na Nubia. Fedha nyingi ilitoka ng'ambo. Na jina lililochongwa ni la Atumemtaneb, mnyweshaji wa mfalme.

"Na fundi?"

"Hakuandikwa, Ami."

Mimi niliona ni dhuluma, nikasema hivyo. Ami akacheka mpaka mlinzi akatugeukia. "Heri yake! Hana mteja wa kumrudishia kazi."

Mpaka leo sijui alitania au la. Vikuku alivyofua yeye havina alama yake popote, na vingi vimo masandukuni mwa watu wasiomjua hata kwa jina.

Usiku ule alimchora mbuzi nyuma ya cheti cha dawa. Aliporudi Unguja nikampigia simu, ameshaanza kumfua? Akanijibu kuwa fedha imepanda bei, na mbuzi nao wamepanda, maana Idi Kubwa imekaribia. Kisha akaniuliza lini nitarudi nyumbani niolewe.