Nilivyoizoea instil bila kuichanganya na wenzake

Kwa mnaohangaika na Kiingereza cha kuandika, hasa insha na barua za kuomba kazi, niwaambie nilivyofanya na hili neno instil, maana kamusi inakupa visawe kibao, inculcate, implant, infuse, imbue, alafu inakuacha hapohapo kana kwamba vyote ni kitu kimoja, na sio kweli kabisa.

Mimi lilinikaa kupitia dawa za macho. Niko famasi, na kwenye maelekezo ya dawa hizo unakuta instil one drop, nikajiuliza mbona hili nalijua ni la kuwafunza watoto maadili, huku limefikaje? Nikafungua kamusi inayoonyesha asili ya maneno, kumbe Kilatini stilla ni tone, yaani instil ni kudondoshea. Basi ile maana nyingine ikaingia yenyewe, kumjengea mtu tabia au imani leo kidogo kesho kidogo mpaka inakuwa yake. Na sio mazuri tu jamani, hata hofu unaweza kuinstil.

Nikaenda hivyohivyo na mengine. Inculcate ndani yake kuna calx, kisigino, kwahiyo ni kama kukanyagia kitu kiingie, ndo maana linabeba ule msisitizo wa kurudiarudia, linamfaa mwalimu anayekaririsha darasa zima kuliko bibi anayekufunza huku mnachambua mchele. Implant ni kupandikiza, wazo linaweza kupandikizwa kwa siku moja tu, kazi ikaisha. Infuse ni kumiminia. Imbue asili yake ni kulowesha, yaani mtu amelowa hicho kitu mwili mzima.

Ila kilichonisaidia kuliko vyote ni mpangilio wa sentensi, na hapa ndo naona watu wengi wanakwama. Kwa instil kinatangulia kile unachokitia: instil discipline in children, au into. Kwa imbue anatangulia mtu: imbue children with discipline. Ukibadilisha hapo msomaji anashtuka hata kama maneno yote ni sahihi, kwahiyo mimi sikariri neno peke yake tena, naandika na sentensi yake nzima kwenye daftari, sentensi ya mambo ninayoyajua, ya kazini au ya nyumbani.

Spelingi sasa: Uingereza instil ina l moja, Marekani instill mbili, ila instilled na instilling ni mbili kote. Chagua upande mmoja ubaki nao mpaka mwisho wa barua.